Chembe Sahani Zinapopungua

Mtu akijikata kidole, damu hutoka kisha hukoma. Kazi ya kuiziba huanzwa na chembe sahani, vipande vidogo vya seli vitokavyo katika uboho wa mifupa. Kwa kawaida milimita moja ya ujazo ya damu huwa na chembe hizo 150,000 hadi 450,000. Zikipungua mno, fizi huvuja damu na ngozi hutokwa na vidoa vyekundu.

Je, mashine ikionyesha 40,000, tuamini mara moja? La. Kemikali iitwayo EDTA, itiwayo kichupani ili damu isigande, huzifanya chembe za watu wachache zishikamane, na mashine hushindwa kuzihesabu. Kwa hiyo mtaalamu wa maabara hupaka tone la damu juu ya kioo, hulitia rangi na kulitazama kwa hadubini. Akiona mafungu, damu hutolewa upya na kupimwa katika kichupa chenye sitrati.

Ikiwa upungufu ni wa kweli, kioo hicho hicho huweza kuonyesha vijidudu vya malaria au seli changa za saratani ya damu. Visipoonekana, huchunguzwa virusi vya UKIMWI, ini na bandama, na pengine uboho wenyewe. Tarakimu ya mashine pekee haitoshi kumtibu mgonjwa.