Postikadi za mjomba na majina yasiyo ya Kiingereza

Ninao mkebe wa biskuti, umeshika kutu pembeni, ambao nimehama nao tangu shule ya msingi hadi katika ofisi yangu ya chuo kikuu. Ndani yake mna postikadi 112. Nyingi zilitoka kwa mjomba wangu, aliyekuwa baharia katika meli za mizigo zilizotia nanga Kilindini. Zilizosalia nimepewa na wenzangu wanaosafiri. Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi. Hata hivyo, kila bandari aliposhuka alinunua kadi moja, akaandika mistari mitatu au minne nyuma yake, akaitia posta. Kwa njia hiyo, mimi mtoto wa milima ya Taita nilizijua sura za London na Sydney kabla sijauona mji wa Voi kwa macho yangu.

Majuzi niliuchukua mkebe huo nikaingia nao darasani. Nilikuwa na sababu. Katika somo la lugha na jamii, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana mwerevu asiyeogopa kubishana, alikuwa amedai kwamba nchi zilizoendelea ni zile zilizoshika lugha moja na kuzitupa nyingine. Alizitaja: Uingereza, Marekani, Australia, Kanada. "Huko, mwalimu, ni Kiingereza tu," akasema, na wenzake wakatikisa vichwa kumwunga mkono. Sikumlaumu, kwani ndivyo nasi tulivyofundishwa. Nilimwomba tu asubiri kipindi kijacho.

Kadi ya kwanza niliyomkabidhi ni ya kituo cha gari la moshi katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini-magharibi mwa Wales. Picha yenyewe haina la ajabu: jengo dogo, reli, na ubao wa jina. Ajabu iko katika ubao, maana umeandikwa hivi: Llanfairpwllgwyngyllgogerychwyrndrobwllllantysiliogogogoch. Nilimwomba kijana wetu, mtetezi wa Kiingereza, alisome jina hilo kwa sauti. Darasa liliangua kicheko, naye akacheka pamoja nao.

Jina hilo si la Kiingereza. Ni la Kiwelisi, lugha iliyokuwa ikizungumzwa katika kisiwa cha Uingereza kwa namna zake za kale kabla Waingereza wenyewe hawajawasili. Maana yake, kwa kukaribia, ni kanisa la Maria Mtakatifu katika bonde la mhazeli mweupe karibu na maji yazungukayo kwa kasi, na kanisa la Tysilio Mtakatifu la pango jekundu. Ukizihesabu alama zake utapata 58. Mwelisi atakwambia ni herufi 51, kwa kuwa kwao alama mbili kama "ll" na "ch" huhesabiwa kuwa herufi moja. Jambo hili lisimshangaze Mswahili. Katika neno "ng'ombe" nasi tunasikia sauti moja pale ambapo jicho linaona alama tatu.

Lazima niseme ukweli wote. Jina hilo halikuwa refu hivyo tangu zamani. Kituo kilifunguliwa mwaka 1848, na jina likarefushwa katika miaka ya 1860 ili kuwavuta wageni. Ulikuwa ujanja wa biashara, na umefaulu: sidhani kuna kituo kidogo kama hicho ambacho kimepigwa picha nyingi zaidi. Lakini zingatia, msomaji, kwamba ujanja wenyewe ulifanywa kwa Kiwelisi.

Hapo ndipo nilipowasimulia wanafunzi kisa cha kadi hiyo. Nilipoipokea nilikuwa darasa la tano. Niliipeleka shuleni kwa fahari, nikamwonyesha mwalimu wetu. Aliitazama kitambo, akajaribu silabi mbili tatu, akanirudishia akisema, "Hicho ndicho Kiingereza cha wenyewe. Someni kwa bidii, mtakifikia." Aliponyosha mkono aitazame tena, aione na upande wa nyuma, niliukaza mkono wangu nikaifunika. Nyuma mjomba alikuwa ameandika kwa Kidawida, lugha ya kwetu, na shuleni mwetu Kidawida kilikuwa hatia. Palikuwa na kibao chenye kamba. Aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa shingoni, naye akakivizia kinywa cha mwenziwe ili amvishe. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Wiki ile nilikuwa nimekwisha kukivaa mara mbili.

Miaka mingi baadaye, nikisomea shahada ya uzamili, nilikutana na maelezo ya shule za Wales katika karne ya 19. Nilisoma juu ya kipande cha mbao kilichoandikwa herufi W na N, kilichotungikwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema Kiwelisi. Kilipita kutoka shingo hadi shingo, na aliyekuwa nacho mwisho wa siku akaadhibiwa. Nilikifunga kitabu nikatoka nje kupunga hewa. Ngugi wa Thiong'o alikwisha kusimulia, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili, jinsi desturi ya namna hiyo ilivyokuwa katika shule za Kenya. Nililojua kabla ya siku hiyo ni kuwa sisi tulifanyiwa hivyo. Sikujua kwamba watoto wa Uingereza yenyewe walikwisha kufanyiwa, tena katika nchi ambayo jina la kituo chake nililidhania kuwa kilele cha Kiingereza.

Tusikibebeshe kibao lawama yote. Kiwelisi kilidhoofishwa pia na migodi ya makaa, viwanda na wahamiaji waliofuata kazi. Sensa ya mwaka 1901 ilikuta kwamba karibu nusu ya watu wa Wales walikisema. Ile ya mwaka 2021 ilikuta asilimia 17.8 tu. Hasara hiyo ni kubwa. Hata hivyo, mwaka 1939 ilifunguliwa huko Aberystwyth shule ya msingi iliyofundisha kwa Kiwelisi, zikafuata nyingine nyingi, na mwaka 2011 sheria ikakitambua kuwa lugha rasmi nchini Wales.

Kadi mbili nilizozitoa baada ya hapo huziweka pamoja daima, kwani picha ni ile ile: jabali jekundu katikati ya jangwa la Australia, lenye kimo cha mita 348 juu ya ardhi iliyolizunguka. Ya kwanza, ya mjomba, imeandikwa Ayers Rock. Watu wadogo kama siafu wanaonekana wakipanda jabali kwa kushika mnyororo. Ya pili niliipata kwa mwenzangu aliyehudhuria kongamano huko, nayo imeandikwa Uluru. Hakuna apandaye.

Wenyeji, Waanangu, waliliita Uluru tangu zama zisizohesabika. Mwaka 1873 mpimaji ardhi William Gosse alipita hapo, akalipa jina la Henry Ayers, mwanasiasa wa Australia Kusini. Tarehe 26 Oktoba 1985 serikali iliwarudishia Waanangu hati ya ardhi hiyo. Mwaka 1993 majina yote mawili yalikubaliwa, la Ayers likitangulia. Mwaka 2002 yakageuzwa, Uluru likawa mbele. Na tarehe 26 Oktoba 2019 upandaji ulipigwa marufuku, baada ya wenyeji kuomba kwa miaka mingi kwamba mahali pao patakatifu pasikanyagwe. Historia yote hiyo imo katika tofauti ya maneno mawili chini ya picha moja, nami nadhani hakuna ramani ya shule inayoweza kuieleza kwa wepesi huo.

Nyingine tulizipitia haraka. Dublin, yenye daraja juu ya mto Liffey: jina latokana na maneno ya Kiayalandi yenye maana ya dimbwi jeusi, ilhali Waayalandi wenyewe huuita mji huo Baile Átha Cliath, na katiba yao ya mwaka 1937 imekiweka Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, mbele ya Kiingereza. Mlima mrefu kuliko yote ya Nyuzilandi, ulioitwa Cook kwa heshima ya nahodha, tangu mwaka 1998 huandikwa kwanza kwa jina lake la Kimaori, Aoraki. Chicago na maghorofa yake: neno la wenyeji wa kale wa huko kwa kitunguu cha mwituni. Kanada: neno la kienyeji lenye maana ya kijiji. Hata London, ambayo kadi zake ndizo nyingi mkebeni, ilikuwa na jina hilo, kwa namna ya Londinium, enzi za Warumi, kabla lugha ya Kiingereza haijakuwako. Na kwa kuwa tumefika London: mnara wa saa ambao kadi huuita Big Ben jina lake tangu mwaka 2012 ni Elizabeth Tower. Big Ben ni kengele. Postikadi haiaminiki katika kila jambo, wala haikuchapishwa ili iaminiwe, imechapishwa iuzwe.

Kijana wetu hakunyamaza, nami nilifurahi kwamba hakunyamaza. "Sawa, mwalimu," akasema. "Lakini huyo Mwanangu wa Uluru akitaka kazi mjini Sydney, atahojiwa kwa lugha gani?" Nilimjibu kwamba atahojiwa kwa Kiingereza, na kwamba hata mimi ninayemwambia haya niliajiriwa kwa cheti kilichoandikwa kwa Kiingereza. Sisemi tukiache. Ninachokataa ni ile bei tuliyotozwa tulipokuwa tukikinunua, ya kuionea haya lugha iliyotulea. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda anuwai za lugha za watu wa Kenya. Lakini wapo wanafunzi wangu waliozaliwa karibu na mwaka huo ambao, nilipotaja kibao, walitazamana na kutabasamu kama watu wanaokijua.

Walimu wenzangu, postikadi zimeadimika siku hizi kwa kuwa picha hutumwa kwa simu. Lakini katika nyumba nyingi zimo bado, ndani ya albamu au chini ya godoro la nyanya. Waombeni wanafunzi wazilete. Mpeni kila mmoja jina moja la mahali, la ng'ambo au la hapa kwetu, aulize ni la lugha ya nani na nani alilibadilisha. Yule atakayepata Nairobi atafika kwa Wamaasai na maji yao baridi bila kutumwa.

Kipindi kilipokaribia kwisha, msichana mmoja aliyekaa mbele aliishika kadi ya Wales, akaigeuza, akaona mwandiko wa kalamu ya bluu uliofifia. Aliniuliza mjomba alikuwa ameandika nini. Niliichukua, nikasimama mbele ya darasa, nikasoma mistari yote minne kwa Kidawida, kisha nikawafasiria: amefika salama, huku kuna baridi ya kupasua mifupa, watu wa hapa wana lugha yao ambayo haelewi hata neno, na nimsalimie mama.