Je, Wajua? Vilima Vilivyo Nyuma ya Mombasa

Ukitaja kupanda mlima, wengi huwaza Kilimanjaro au Mlima Kenya. Mkaazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe hana haja ya kwenda mbali hivyo. Nyuma ya mji, sambamba na bahari, ipo safu ya vilima inayoanzia Shimba upande wa Kwale, ikapita Mazeras na Rabai, ikaendelea hadi Jibana. Haina theluji, wala kimo chake hakifiki mita 500. Hata hivyo, maji, mawe na historia ya Mombasa vimefungamana nayo. Haya ni baadhi ya mambo ambayo aliyeizoea kwa macho tu huenda hayajui.

1. Je, wajua kwamba mabaharia waliongozwa na vilima vya Kisauni?
Nguu Tatu, vilima vitatu vilivyosimama pamoja upande wa bara ya kaskazini, vilikuwa alama ya kuijua bandari kutoka baharini. Wareno waliviita Coroa, yaani taji la Mombasa, na jina hilo liliendelea kuandikwa kwenye ramani za mabaharia wa Kiingereza. Nahodha aliyetoka baharini aliweza kuviona na kujua kwamba amekaribia mlango wa Mombasa.

2. Je, wajua kwamba kutoka Nyali hadi Mazeras unarudi nyuma zaidi ya miaka milioni 200?
Mwamba wa matumbawe wa ufukweni na wa kisiwani una umri wa takriban miaka 125,000, na ulijengeka wakati bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Ukifika Changamwe na Miritini unakanyaga mawe ya tope lililogandamana chini ya bahari ya kale, enzi za dinosaria. Ndani yake wataalamu wamepata makombe yaliyogeuka jiwe, ya viumbe wa baharini waliokwisha toweka duniani. Ukipanda hadi Mazeras unakutana na mawe ya mchanga yenye umri mkubwa zaidi. Ndiyo yale mawe ya Mazeras yanayochongwa na kutandikwa vibarazani na kwenye nyua za nyumba nyingi nchini Kenya.

3. Je, wajua kwamba Changamwe imempa jina mnyama wa ajabu?
Mwaka 1932, mtaalamu Arthur Loveridge alimwelezea kisayansi kiumbe aliyepatikana Changamwe, akampa jina Boulengerula changamwensis. Ukimwona utadhani ni nyungunyungu mkubwa, kumbe ana uti wa mgongo na ni wa ukoo mmoja na chura. Hana miguu, na maisha yake ni ya chini ya udongo. Leo anahesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini, kwa kuwa makao yake yanazidi kumezwa na mashamba na majengo. Shimba nayo ina chura wake, Hyperolius rubrovermiculatus, mwenye michirizi myekundu mgongoni. Alitambuliwa mwaka 1975, na hajulikani kuishi pengine popote duniani.

4. Je, wajua kwamba palahala wa Kenya wanapatikana Shimba pekee?
Swala huyu mkubwa, mwenye pembe ndefu zilizopinda kuelekea nyuma, hana makao mengine ya porini katika Kenya nzima. Dume hugeuka mweusi akikomaa. Mwaka 1910 palahala hawa walipewa jina la kisayansi la roosevelti, baada ya msafara wa uwindaji wa Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliyefika Kenya mwaka 1909. Hifadhi ya Shimba ilitangazwa mwaka 1968, na bila hiyo huenda Wakenya wangemjua palahala kwa picha tu.

5. Je, wajua kwamba ndovu wa Shimba walihamishwa kwa malori, na baadhi wakarudi wenyewe?
Mwaka 2005, baada ya ndovu kuwa wengi na kuharibu mashamba ya wakulima, Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, liliwahamisha takriban 150 hadi Tsavo Mashariki, umbali wa kilomita 160 hivi. Baadhi yao walishika njia wakarejea walikotoka. Jirani na hifadhi hiyo, wakulima wa Mwaluganje walichagua njia nyingine: tangu miaka ya 1990 walitoa mashamba yao yawe mapito ya ndovu, nao wakawa wanagawana mapato ya utalii. Hata kinyesi cha ndovu hao kimetumika kutengeneza karatasi.

6. Je, wajua kwamba mji hunywa maji ya kilima?
Chemchemi za Marere, zilizomo Shimba, zimepeleka maji Mombasa tangu enzi ya ukoloni. Upepo wa bahari uliojaa unyevu hupanda kilima, ukapoa, ukawa ukungu na mvua. Msitu huyanasa maji hayo, nalo jiwe la mchanga huyanyonya na kuyatoa polepole kwenye chemchemi hata wakati wa kiangazi. Mti unaokatwa kule juu kwa ajili ya makaa unapunguza maji ya mfereji huku chini.

7. Je, wajua kwamba habari za theluji ya Kilimanjaro zilitoka Rabai?
Wamisionari Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walihamia Rabai mwaka 1846. Kutoka huko Rebmann alisafiri akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa misafara, na tarehe 11 Mei 1848 akauona mlima mweupe kileleni. Ulaya baadhi ya wasomi walimpinga. William Cooley wa London alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Safari za Karl Klaus von der Decken, mwaka 1861 na 1862, zilithibitisha maneno ya Rebmann.

8. Je, wajua kwamba misitu ya kaya imo katika urithi wa dunia?
Kaya za Wamijikenda, zikiwemo za Rabai, Kambe, Ribe na Jibana, ziliorodheshwa na UNESCO mwaka 2008. Zamani zilikuwa miji yenye ngome ndani ya msitu. Leo ni mahali pa ibada na makao ya mizimu ya wazee waliotangulia. Kwa sababu ya miiko ya wazee, miti adimu imesalia humo huku misitu ya kandokando ikiisha. Mgeni haingii bila idhini ya wazee, hakati kijiti, wala haondoki na kitu.

9. Je, wajua kwamba safari ya Shimba ni ya siku moja?
Matatu za Kwale kutoka Likoni hupitia Ng'ombeni na Kombani, kisha hukata kulia na kuanza kupanda. Anayetoka Changamwe anaweza sasa kupita barabara ya Dongo Kundu bila kuvuka feri. Ndani ya hifadhi, njia inayopendwa ni ya kuteremkia maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya mita 20, mwendo wa kilomita 2 hivi. Utasindikizwa na askari wa KWS mwenye silaha, kwa sababu ndovu wako karibu. Anza asubuhi kabla jua halijawa kali, beba maji ya kutosha, vaa viatu vinavyoshika ardhi, na uweke akiba ya nguvu, maana kurudi ni kupanda.

Ewe msomaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe, watu huvuka bahari kuja kuviona vilima hivi. Wapeleke watoto wako wavipande, wayajue majina ya wanyama na miti yake. Na atakayesimama kudai msitu wa Shimba au kaya usikatwe, simama naye: anatetea maji unayokunywa.