Mtoto wa Salale na mtihani wa vitendo

Mzazi wa Nyamisati au kijiji kingine cha Salale anaijua hali hii. Usiku mtoto anakariri daftari la Baiolojia, tena kwa Kiingereza, anataja mimea ambayo hajawahi kuitia machoni. Wakati huo nje kuna mchu, mti ambao majani yake hutoa chumvi, na ukiyalamba unaionja. Mtoto anaujua toka utotoni. Hajaambiwa tu kwamba na huo ni Baiolojia.

Mtihani wa kidato cha nne hauishii kwenye kukariri. Fizikia, Kemia na Baiolojia zina karatasi ya vitendo, ambapo mwanafunzi anapewa vifaa, anapima, anaandika alichokiona. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, na wazazi wengi bado wanaikumbuka michango yake. Lakini chumba chenye meza na sinki peke yake hakimfundishi mtu kusoma bureti. Mtoto anayeishika kwa mara ya kwanza siku ya mtihani atatetemeka, hata awe hodari vipi wa nadharia.

Hapa namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu ya maziwa, na yeye, kwa kuwahi nafasi kwenye jokofu, akaweka maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye swali lake likawa utani darasani. Wauza aiskrimu wa Tanga, kumbe, walishalijua jambo hilo kwa kazi yao. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo linaloitwa kwa jina la Mpemba.

Swali lilizaliwa kwenye kazi ya mikono. Delta ya Rufiji ina kazi za namna hiyo kila siku, na mzazi hahitaji kujua Kiingereza ili kuzitumia.

Chukua maji. Mwambie mwanao achomeke mti wenye alama za sentimita penye kina salama, asome maji yanapojaa kabisa, kila siku kwa siku kumi na tano, kisha achore grafu. Ataliona bamvu likipanda na maji mafu yakishuka, na ataweza kulinganisha na mwezi. Kuchora grafu ya vipimo ulivyochukua mwenyewe ndiko Fizikia ya vitendo inakokutaka.

Jikoni nako, kwa wa kike na wa kiume, kuna choya. Achemshe maua makavu, achuje, agawe vikombe vitatu. Kimoja akamulie limau, kingine atie maji ya majivu yaliyochujwa, cha tatu akiache kama kilivyo. Cha limau kitazidi wekundu, cha majivu kitageuka kuelekea kijani. Hiyo ni asidi na besi bila senti ya kemikali. Iodini ya duka la dawa, tone moja juu ya ubwabwa au muhogo, italeta bluu nzito karibu na weusi, maana kuna wanga. Aandike kila kitu: alitia nini, kiasi gani, aliona nini. Wengi hupoteza alama kwa kuandika wanachodhani mwalimu anataka.

Shuleni, kwenye kikao cha wazazi, swali la michango ya chakula huchukua muda wote. Uliza na hili: kidato cha tatu wameingia maabara mara ngapi muhula huu, na kila mtoto alishika kifaa au watano walimtazama mmoja?

Tahadhari: vilivyotiwa iodini vimwagwe, visiliwe. Maji ya majivu yanachoma macho. Asidi ya betri ya gari isiguswe nyumbani kabisa, hata kama rafiki yake amesema ndiyo ile ile ya maabara.