Fahamu: Kwa nini Rwanda inazidi kuibana tumbaku

Mwaka 2025 Rwanda ilipandisha ushuru wa pakiti ya sigara kutoka faranga 130 hadi 230, mbali na asilimia 36 ya bei ya rejareja. Shisha ilikuwa imepigwa marufuku tangu Desemba 2017, wakati ilipokuwa imeshamiri katika baa za Kigali.

Shisha ndiyo iliyowahadaa vijana wengi. Maji ambayo moshi wake hupitia hayachuji sumu. Yanapoza moshi tu, na mvutaji huuvuta ndani zaidi bila kukereketwa. Makaa yanayopasha tumbaku yake nayo hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoshika nafasi ya oksijeni katika damu, na moyo ukalazimika kufanya kazi ya ziada.

Wapo wanaoona kutafuna tumbaku au kunusa ugoro ni nafuu kwa kuwa hakuna moshi. La hasha! Tumbaku inayokaa shavuni huachia kemikali ziitwazo nitrosamini moja kwa moja kwenye ufizi. Kutoka hapo huja saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho. Kidonda cha mdomoni au doa jeupe lisilopona kwa wiki mbili lipelekwe kituo cha afya, hata kama haliumi.

Sigara huua kwa njia nyingi zaidi: mapafu, kiharusi, moyo. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, wakiwemo wasiovuta kabisa. Anayeacha leo, baada ya mwaka mmoja hatari yake ya ugonjwa wa moyo hupungua kwa takriban nusu.