Kusubiri Chipu ya Michoro: Kitanzi Kimoja Kinatosha

Draiva ya kadi ya michoro haiishi kusubiri. Huandika amri kwenye rejista ya chipu, kisha husoma rejista nyingine tena na tena mpaka biti fulani igeuke 1. Chipu ikikwama, draiva haiwezi kungoja milele. Muda uliowekwa ukiisha, hurudisha kosa. Kitanzi cha namna hiyo ni mistari michache, na kwa sababu ni rahisi, kila mwandishi hujiandikia chake.

Balaa huanzia hapo. Tuseme kitanzi kimepewa milisekunde 10. Kinasoma rejista: biti bado ni 0. Kabla hakijatazama saa, Linux inakinyang'anya prosesa na kuipa kazi nyingine kwa milisekunde 20. Huku nyuma chipu inamaliza shughuli yake. Kitanzi kinaporudi kinatazama saa, kinakuta muda umepita, kinatangaza kuwa chipu imeshindwa. Chipu imesingiziwa! Kilichohitajika ni kusoma rejista mara moja zaidi baada ya muda kwisha. Nakala ikiwa moja, kosa hili linarekebishwa siku moja. Zikiwa thelathini, utarekebisha uliyoiona.

Linux inacho kitanzi cha pamoja, read_poll_timeout, katika faili iopoll.h, nacho hufanya usomaji huo wa mwisho. Hata hivyo, kufuta nakala si kazi ya kubadilisha majina tu. Draiva ya Intel, i915, ilijitengenezea wait_for, ambayo hulala kidogo mwanzoni, mikrosekunde 10 hivi, kisha huongeza muda huo maradufu hadi uvuke 1000. Kile cha pamoja hulala kwa kipimo kilekile kila mara. Ukiweka mikrosekunde 1000 mahali ambapo chipu hujibu baada ya 50, kungoja mara nane mfululizo kunaweza kula hadi milisekunde nane, ilhali skrini ya 60 Hz ina 16.7 tu kwa kila picha. Tena kuna sehemu ambazo kulala ni marufuku kabisa, kwa mfano ndani ya kufuli la spinlock. Huko hutumika read_poll_timeout_atomic.

Kwa hiyo anayeleta mabadiliko ya kufuta nakala hizi aeleze, kwa kila kitanzi anachokifuta, kilikuwa kikilala muda gani na kipya kitalala muda gani. Bila maelezo hayo, mabadiliko yasipokelewe.