Redio Inapobadili Sauti Kabasha

Shoferi wa taksi ya Butembo–Beni hagusi redio mpaka redio yenyewe imlazimishe. Mimi nilikuwa nimebanwa nyuma, magoti yakigonga gunia la viazi, simu mkononi na karedio kadogo ka FM mfukoni, waya wa sikioni umepita chini ya kola. Upande wa Kabasha, barabara ilipoanza kujikunja, mtangazaji aliyekuwa akisoma matangazo ya misiba alikatika katikati ya jina la marehemu. Ikaingia kwaya. Kona moja mbele, mtangazaji akarudi na jina la mtu mwingine. Kona iliyofuata, kwaya tena. Namba kwenye redio haikusogea hata nukta moja. Kilichosogea ni mlima, uliokuja kusimama kati yetu na antena ya Butembo.

Mzee aliyekaa kando yangu alikuwa akinitazama ninavyoandika daftarini.

“Mwanangu, hiyo ni foni?”

“Hapana, papa, ni redio tu.”

“Na hiyo simu?”

“Inaniambia tuko wapi.”

Akacheka. “Tuko Kabasha. Hata mimi ningekuambia.”

Alinishinda kwa haki kabisa. Lakini mashine haijui Kabasha. Inajua namba, na kazi ya kuioanisha redio na GPS safarini ni kuifanya redio ielewe kile ambacho mzee huyu anakijua bila kufikiri: kwamba masafa bila mahali hayana maana. Namba ile ile kwenye FM ni stesheni moja ukiwa Butembo, ni nyingine ukiwa Beni, na njiani huwa ni mvumo mtupu. FM nayo ina tabia yake ya ubaguzi. Ikipokea stesheni mbili kwenye masafa yale yale haizichanganyi kama walevi wawili wanaoongea kwa pamoja. Ile yenye nguvu kidogo zaidi hukalia kiti chote, nyingine hunyamazishwa. Ndiyo maana kwaya na misiba vilipokezana kwenye kona, kimoja baada ya kingine, bila kugusana.

Skana ni redio isiyotulia. Inaruka kutoka masafa hadi masafa mara nyingi kwa sekunde, inasikiliza kama kuna mtu, inasonga mbele. Kwa msafiri ina udhaifu mmoja: ukiijaza masafa ya miji kumi, inapoteza muda ikipiga hodi kwenye nyumba tisa zilizo mbali. Watengenezaji kama Uniden walitatua hilo kwa kutia tundu la waya wa GPS kwenye skana za garini. Kila kundi la masafa linapewa kitovu na duara, tuseme kilomita 25. Gari likiingia ndani ya duara, kundi hilo linawashwa, likitoka, linazimwa. Shoferi anaangalia barabara.

Mazungumzo yanayopita kwenye waya huo ni mafupi, na yanafaa kutazamwa kwa karibu. Kila sekunde kipokezi cha GPS hutoa mstari wa herufi, kwa mwendo wa kizamani wa biti 4,800 kwa sekunde. Mstari wa mtu anayetoka Butembo asubuhi, nikiukata mkia, unafanana hivi:

$GPRMC,053012,A,0008.500,N,02917.400,E,21.6,028

Namba za kwanza ni saa: 05:30:12. Setilaiti hazifuati saa za Butembo, zinasema saa ya Greenwich. Ongeza mbili, ni 07:30 asubuhi. Herufi A inasema kipimo kinaaminika. Ingekuwa V, usikiamini. Karibu na mwisho ni mwendo, 21.6, nao umeandikwa kwa noti za mabaharia, hata kama bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita elfu moja. Ni kilomita 40 kwa saa. Na 028 ni uelekeo, kaskazini ukiinamia mashariki kidogo, ndiko iliko Beni.

Mtego uko katikati. 02917.400 inasomwa nyuzi 29 na dakika 17.4. Wengi wanapoingiza kitovu cha duara kwa mkono huandika 29.174, wakidhani nukta imehama tu. Lakini dakika 60 ndizo zinazofanya nyuzi moja, kwa hiyo jibu sahihi ni 29.29. Tofauti hiyo ndogo, hapa kwenye ikweta, ni kilomita 13 za ardhi: umeihamisha Butembo na soko lake lote kuelekea magharibi, na upande wa mashariki skana itanyamaza mapema kuliko inavyopaswa. Kosa la pili ni la kwetu zaidi. Butembo iko dakika nane na nusu tu kaskazini ya ikweta. Ukikosea N ukaandika S, unaanguka kilomita 31 kusini, si mbali na Lubero. Mtu wa Paris akikosea herufi hiyo anajikuta upande wa pili wa dunia na anashtuka mara moja. Sisi tunajikuta kwa jirani, na kosa linaweza kukaa mwaka mzima kabla ya mtu kuliona.

Kuhusu setilaiti zenyewe nitapita haraka. Zinazunguka kama kilomita 20,200 juu yetu, na ishara zao huchukua chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika. Kipokezi kinahitaji angalau nne. Zikifika ni dhaifu kuliko kelele za kifaa chenyewe. Kipokezi huziokota kwa sababu kinaijua mapema nakshi ya kila setilaiti, kama mama anavyoisikia sauti ya mtoto wake katikati ya kelele za soko. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikizivuruga makusudi kwa watumiaji wa kiraia. Leo kinachosumbua ni majani mabichi na kuta za mabonde. Ukiingia kwenye mikaratusi minene, usishangae simu ikikuonyesha unatembea kando ya barabara.

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, si la GPS. Ni la duara. Kati ya Butembo na Beni kuna kilomita 54 hivi kwa barabara, kama 44 kwa mstari ulionyooka. Chora duara la kilomita 25 kwa kila mji na utaona yanapandana kwa kilomita sita tu. Kwenye karatasi ni safi kabisa. Na kwenye ardhi tambarare hesabu ingekubali: antena ya mita 30 na gari la kawaida huonana hadi kilomita 28 hivi. Lakini Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Beni kama 1,200, na kati yake kuna migongo ya milima ambayo haijawahi kusoma fizikia. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga. Kilima kikiona antena, redio inaimba ukiwa mbali sana; bonde likijificha, unakaa kimya ukiwa karibu.

Ndiyo sababu ya daftari langu. Kila redio inapobadilika, naandika saa na namba za GPS, kisha nyumbani naweka nukta kwenye ramani: kijani inaposikika, nyekundu inapokufa. Hakuna duara lililojitokeza mpaka leo. Linalojitokeza ni kama kiganja chenye vidole vilivyotanuka, migongo ikiwa vidole na mabonde yakiwa nafasi za kati. Huu si mchezo wa wapenda redio peke yao. Kwenye mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika 25 Juni 2020, watu 2,287 walikufa, wengi katika eneo hili la Beni na Butembo. Redio Moto na Redio Okapi zilikuwa miongoni mwa sauti zilizoaminika. Kijiji kilichoko kwenye nukta nyekundu kilipata habari kwa mdomo, pamoja na uvumi wake.

Sasa foni, maana mzee hakuuliza bure. Kabla ya simu za mkononi, foni, yaani redio ya kuongelea, ndiyo iliyounganisha wafanyabiashara wa Butembo na miji ya mbali. Inatumia mawimbi marefu kuliko FM, yanayogonga tabaka la hewa lenye chaji huko juu na kurudi chini, yakiruka milima yote. Kwa njia hiyo Beni inaongea na Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,600. Cha ajabu, tabaka lile lile linaloibeba foni ndilo linaloichafua GPS: ishara za setilaiti hulipitia zikicheleweshwa, na baada ya jua kutua, katika nchi za tropiki, huanza kumemeta kama nyota.

Kwenye magari ya mashirika ya misaada, hizi mbili zimekwisha oana. Ile antena ndefu mbele ya Land Cruiser ni ya foni, mara nyingi ya Codan, kampuni ya Australia. Redio hiyo inapekua chaneli zake kimya kimya, haitoi sauti mpaka isikie namba yake ikiitwa. Ikiwa imefungwa GPS, kituo kinaweza kuiuliza iko wapi, nayo ikajibu yenyewe, shoferi akiendelea kukwepa mashimo. Hiyo ndiyo skana yenye GPS inayopita kila siku mbele yetu, ila hatuiiti hivyo.

Mimi skana sibebi, na simshauri mtu abebe. Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa Mei 2021. Kwenye bariera, askari akiona antena na daftari la namba hatakuuliza kuhusu fizikia, na ningekuwa yeye nisingeuliza. Tena kifungu cha 31 cha Katiba ya 2006 kinalinda siri ya mawasiliano ya kila mtu. FM imetangazwa ili isikilizwe. Hiyo inanitosha. Daftari nalo nalifunga kabla ya bariera.

Tulipokaribia Beni, hewa imeshakuwa ya joto na dirisha limeteremshwa, mzee alinigusa bega. Alitaka kunipa nukta yake. Kijijini kwao, alisema, redio haiingii nyumba yoyote. Lakini ukisimama mlangoni pa kanisa, mlango wa kulia, inaingia vizuri. Ukivuka kizingiti inakufa. Nikamuuliza kijiji kiko wapi. Akanyoosha mkono nyuma ya gari, kuelekea milima tuliyoiacha. Nikaandika: kanisa, mlango wa kulia, hadi kizingiti. Safu za latitudo na longitudo nikaziacha wazi.