Neno “Kamwe” katika Somo la Sumaku

Katika mazoezi ya kufundisha niliyoyasimamia, mwanachuo mmoja aliandika ubaoni: “Zinki haivutwi na sumaku kamwe.” Mwanafunzi mmoja akapinga. Sumaku yake ilikuwa imenasa kwenye bati la paa, naye alikwisha kusikia kwamba bati lina zinki. Akaambiwa anyamaze. Jibu lilikuwa jepesi: bati ni chuma kilichopakwa zinki, na kivutwacho ni chuma. Hata hivyo, neno “kamwe” halikustahili kuandikwa.

Mwaka 1958, huko Marekani, Matthias na Bozorth walitangaza kwamba zirkoni na zinki, metali mbili ambazo hakuna iliyo sumaku, zikiungana katika kampaundi moja huwa sumaku. Lakini hapana budi kampaundi hiyo ipozwe hadi kiasi cha nyuzi 245 za Selsiasi chini ya sifuri, ilhali chuma hubaki sumaku hadi nyuzi 770 juu ya sifuri. Tena nguvu yake kwa kila atomu haifikii sehemu moja ya kumi ya ile ya chuma.

Sababu imo katika elektroni. Kila elektroni ina tabia iitwayo spini, nayo huifanya iwe kama kisumaku kidogo mno. Katika metali nyingi, spini zielekeazo juu na zielekeazo chini hulingana, zikafutana. Katika kampaundi hii upande mmoja huzidi kidogo, na ziada hiyo haitulii: hapa hupanda, pale hushuka, mfano wa mawimbi. Hesabu za awali zilitazama wastani tu, zikatoa halijoto kubwa kupita kiasi. Mwaka 1973 Moriya na Kawabata wa Japani waliyatia mawimbi hayo hesabuni, na majibu yakavikaribia vipimo. Joto huyachochea, lakini hata joto lote likiondolewa, kanuni za kwanta haziziachi spini zitulie kabisa.

Haya si ya kufundishwa darasa la tano. Yatosha mwalimu aandike: “Katika jaribio letu, sumaku haikuvuta zinki.” Mwanafunzi atakayefika chuo kikuu hatalazimika kuifuta sentensi hiyo. Zinki ya jaribio hupatikana katika kopo la ndani la betri kuukuu ya tochi. Mwalimu aifungue mwenyewe, aondoe dawa yote na kuliosha kopo kabla ya kipindi, kisha aliweke mezani pamoja na kipande cha bati.